Viwanja vya gofu pwani vianze na mkwaju wa pili

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuchangie mjadala wa kujenga viwanja vya gofu katika pwani yetu. Mjadala wenyewe ni mzuri. Mgeni anayeteremka Mlima Kilimanjaro au anayetoka Serengeti mara nyingi humalizia safari yake baharini, na kama ni mchezaji wa gofu ataulizia kiwanja. Sisi wa Arusha na Moshi tuna viwanja vya bara: Gymkhana, Kili Golf kule Usa River, Moshi Club na TPC. Zanzibar kuna mashimo tisa pale Sea Cliff, na wenzetu wa Kenya wana Vipingo Ridge, Leisure Lodge ya Diani na kiwanja kikongwe cha Mombasa kilicho juu ya mwamba, kando ya barabara ya Mama Ngina. Nafasi ya kujenga zaidi ipo.

Kinachotutia wasiwasi ni mchoro unaotangulia mazungumzo ya aina hiyo. Karibu kila mara ni ule ule: grini, yaani uwanja mdogo wa nyasi fupi sana wenye shimo na bendera, imekaa kwenye ncha ya jabali, pande tatu ni maji ya buluu, bendera inapepea juu ya mawimbi. Mchoro huo unafaa kuuzia nyumba. Kiwanja kikijengwa kwa kuufuata kitakuwa kibaya kuchezea, kitagongana na sheria ya mazingira, na kwa sehemu kubwa ya siku hayo maji ya buluu hayatakuwepo.

Kwa msomaji asiyecheza: shimo la kawaida la gofu ni la mikwaju minne. Wa kwanza unatoka kwenye tii, yaani mahali pa kuanzia, hadi kwenye feawei, yaani njia ya nyasi fupi. Wa pili unaelekea grini. Miwili iliyobaki ni ya kuuviringisha mpira hadi uingie shimoni. Mkwaju wa kwanza unapigwa kwa nguvu kuelekea mahali papana. Wa pili unapigwa kwa kipimo kuelekea mahali padogo, na uzembe wowote wa mwanzo unalipiwa hapo. Ndiyo maana bahari, mtu akitaka kuitumia vizuri, anaiweka kwenye mkwaju wa pili. Pale mchezaji ana nafasi ya kufikiri: mpira umelalaje, upepo unatoka wapi, nivuke au nizunguke.

Mfano unaotajwa dunia nzima ni shimo la 8 la Pebble Beach, California. Kiwanja hicho kilifunguliwa mwaka 1919, na waliokichora, Jack Neville na Douglas Grant, walikuwa wachezaji wa ridhaa. Shimo lina urefu wa yadi 400 na kidogo. Kutoka kwenye tii mchezaji haoni mpira utakapotua, maana feawei inapanda kilima. Akishafika juu ndipo anapokuta ardhi imekatika: mbele yake ni korongo la bahari, na ng'ambo ya korongo, chini kidogo ya alipo, kuna grini ndogo iliyozungukwa na mabanka, yaani mashimo ya mchanga ya kumtega mchezaji. Mkwaju wake unavuka maji, yadi 180 hivi au zaidi, kutegemea alipofika. Jack Nicklaus, aliyeshinda mashindano makubwa 18, amesema mara nyingi kwamba hakuna mkwaju wa pili anaoupenda kama huo.

Wengi wakiangalia picha ya shimo hilo wanadhani siri ni korongo. Angalieni kilicholizunguka. Kwanza, ukingo wa jabali unaukatia mkwaju wa kwanza urefu. Mwenye nguvu akipiga dreva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, kwa nguvu zake zote anaweza kuvuka ukingo na kupoteza mpira, kwa hiyo anachukua fimbo fupi, na mwisho wa yote anasimama karibu na pale anaposimama mwenzake asiye na nguvu. Pili, grini za Pebble Beach ni ndogo, kwa wastani futi za mraba 3,500, yaani mita za mraba kama 325, kwa hiyo kuvuka bahari peke yake hakutoshi. Tatu, na hili ndilo wachoraji wa picha wanalolisahau, nyasi za feawei hazikatiki. Zinalizunguka korongo kwa mkono wa kushoto hadi grini. Mwanamke anayepiga yadi 120, au mzee mwenye handikapu 24, yaani mchezaji wa kawaida asiye hodari, anapiga kushoto, halafu anapiga tena hadi grini, anaondoka na mpira wake mfukoni. Shimo hilo linachezwa na bingwa wa dunia na mgeni wa wiki moja, na wote wawili wanalikumbuka.

Kilomita chache kutoka hapo, Cypress Point, kuna shimo la 16 ambalo mkwaju wa kwanza wenyewe unavuka Pasifiki kwa zaidi ya yadi 200. Alister MacKenzie, daktari aliyeacha tiba akawa msanifu wa viwanja, alilimaliza mwaka 1928. Hata yeye, akiwa na jabali zuri kama lile, aliacha nyasi pana upande wa kushoto kwa asiyeweza kuvuka. Jabali lilikuwapo kabla yake. Mchango wake ulikuwa ile nafasi ya kushoto.

Sasa tuirudishe hesabu hiyo kwetu, maana pwani yetu si California. Kuna mambo matatu yanayotofautiana: maji, sheria na upepo.

Maji kwanza. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa wingi zaidi, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Tanzania hufika mita 3 hadi 4. Kila siku yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na baada ya kujaa huchukua saa sita na dakika chache kufika chini kabisa. Mahali pengi mwamba wa matumbawe umetandaa chini ya maji kama sakafu, kwa hiyo maji yanapokupwa hayashuki tu, yanaondoka. Aliyewahi kusimama Paje au Jambiani wakati wa kupwa anajua: bahari inakwenda mamia ya mita, inabaki mawe, madimbwi, mwani na watu wanaotafuta pweza. Mgeni aliyelipia kupiga mpira juu ya mawimbi anapiga juu ya kina mama wanaofanya kazi zao. Mbunifu anayekuja kupima eneo kwa siku mbili, wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, anaweza kuondoka bila kuliona jambo hili kabisa. Anayechora kiwanja cha pwani lazima aje na jedwali la maji na kulitazama eneo lake saa ya kupwa kwa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu.

Pili, sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ufuo wa bahari shughuli za kudumu au zinazoweza kuuharibu ufuo huo. Grini ni shughuli ya kudumu bila ubishi: ina mabomba chini, inamwagiwa maji karibu kila siku, inatiwa mbolea na dawa. Kwa hiyo ile grini ya kwenye ncha ya jabali haina mahali pa kukaa. Na ile ya ng'ambo ya hori nayo ina tatizo la hesabu. Chukua hori dogo lenye upana wa mita 40. Ongeza mita 60 za ukanda upande wa mchezaji na mita 60 upande wa grini. Jumla ni mita 160, yaani yadi 175, na hapo mpira ndio kwanza umefika mwanzo wa nyasi. Wanawake wengi wanaocheza kwa burudani hawafiki yadi 175 hata kwa dreva. Wanaume wengi wa klabu wanafika kwa fimbo ndefu ambazo haziwezi kuusimamisha mpira kwenye grini ndogo. Kuvuka hori moja kwa moja, kwa mpangilio huo, ni mkwaju wa wachache.

Jibu lake ni mshazari. Feawei iende sambamba na ufuo, nyuma ya ukanda wa mita 60, na kona ya hori au ya vichaka vya pwani iingie kidogo kwenye mstari kati ya mchezaji na grini. Grini yenyewe ilazwe kwa pembe, upande mmoja ukiwa karibu na kona hiyo na mwingine ukiwa mbali nayo. Hapo kila mtu anachagua kiasi cha kukata. Kwa maoni yetu njia fupi kabisa, ya kuelekea bendera iliyo upande wa bahari, idai mpira uruke yadi 150 hewani. Ya katikati ya grini idai 110. Ya kuzunguka isidai chochote. Njia ya kuzunguka iwe na upana wa yadi 35 au 40, kwa sababu ya upepo. Ukikuta mchoro umeipa yadi 20, ujue imewekwa kwa ajili ya maelezo tu.

Bei ya kuzunguka ndiyo kazi ngumu zaidi katika kuchora shimo la namna hii. Ikiwa rahisi mno, hakuna atakayevuka, na bahari inabaki pambo. Ikiwa kali mno, kila mtu atajaribu kuvuka, mipira itapotea, na mzunguko wa saa nne utakuwa wa saa tano na nusu. Tangu mwaka 2019 kanuni zinampa mchezaji dakika tatu tu za kutafuta mpira, lakini dakika tatu mara wachezaji wanne bado ni foleni kwenye tii. Bei nzuri ni nusu ya mkwaju hadi mkwaju mmoja. Banka moja lililochimbwa kati ya njia ya kuzunguka na grini hutosha kuipandisha bei hiyo. Mabanka matatu yanaiua njia yenyewe.

Upepo una uzuri wake pwani yetu, na hapa ndipo tunapoona mbunifu mwenye subira anaweza kutengeneza kitu ambacho California hawana. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki, takriban Aprili hadi Septemba au Oktoba. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi. Pwani ya bara inatazama mashariki. Maana yake pepo zote mbili kubwa zinatoka baharini kuja nchi kavu. Shimo linaloelekea kaskazini lina bahari mkono wa kulia, na wachezaji wengi wa kawaida wanaotumia mkono wa kulia mipira yao hukata kulia. Kusi au kaskazi inaurudisha mpira huo nchi kavu. Mchezaji hodari, kwa upande wake, analazimika kuuanzisha mpira juu ya maji na kuuachia upepo uulete kwenye grini. Huo ni mkwaju wa kusisimua, na hauhitaji grini iwe kwenye ncha ya jabali. Upande wa magharibi wa Unguja mambo yanageuka: pepo hizo zinatoka nchi kavu kwenda baharini, mpira uliokosea kidogo unasukumwa zaidi kuelekea majini, na ukingo unapaswa kuwekwa mbali zaidi na mstari wa mchezo. Kunakili shimo la upande mmoja na kulipeleka upande mwingine ni kosa.

Upepo unabadilisha urefu pia. Kanuni ya jumla ambayo makedi (wabeba fimbo) wazoefu wanaitumia ni hii: upepo wa usoni unaongeza urefu wa mkwaju kwa asilimia moja kwa kila maili moja ya mwendo wa upepo kwa saa, upepo wa mgongoni unapunguza nusu ya hiyo. Chukua yadi 150 na upepo wa maili 15 kwa saa, ambao si wa ajabu alasiri ya kusi. Usoni mkwaju unakuwa kama wa yadi 172. Mgongoni unakuwa kama wa 139. Tofauti ni yadi 33, sawa na fimbo tatu. Shimo moja linaloelekea kusini litachezwa hivi wakati wa kusi na vile wakati wa kaskazi, kwa hiyo grini yake iwe na kina cha kutosha, yadi 30 au zaidi kutoka mbele hadi nyuma, na mbele yake pasiwe na banka la kuzuia mpira unaopigwa chini chini. Anayecheza dhidi ya kusi kali ana haki ya kuuviringisha mpira hadi grini. Ukimfungia mlango wa mbele umemlazimisha kuurusha juu, na juu ndiko upepo uliko.

Kuna jambo moja linalowahusu wachezaji wa huku kwetu hasa, kwa sababu huenda wakaitwa kujaribu viwanja hivyo. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali zaidi kwa karibu asilimia 5. Fimbo ya chuma namba 7 inayokupa yadi 150 Arusha itakupa kama 143 pwani. Moshi, iliyo chini zaidi, tofauti yake ni yadi nne au tano. Yadi saba pungufu kwenye kiwanja cha bara ni mpira ulio mbele ya grini; kwenye kona ya hori ni mpira uliozama. Wengi wanaisingizia unyevunyevu wa pwani kwamba unaifanya hewa kuwa nzito. Hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu. Kinachoufupisha mpira ni mwinuko mdogo. Anayepanga vibao vya urefu na anayefundisha makedi wa pwani alijue hilo, maana wageni wengi watakuwa wamecheza Arusha au Nairobi siku mbili kabla.

Swali linalofuata ni la haki: grini ikirudi mita 60 nyuma, bahari itaonekanaje? Jibu ni mwinuko, na mwinuko unapigiwa hesabu. Kule Kiawah Island, South Carolina, msanifu wa viwanja Pete Dye alikuwa amepanga kuificha feawei nyuma ya vilima vya mchanga. Mkewe Alice, msanifu na mchezaji hodari mwenyewe, alishauri kiwanja kizima kiinuliwe ili Atlantiki ionekane. Kiliinuliwa, na mwaka 1991 mashindano ya Ryder Cup, kati ya Marekani na Ulaya, yakachezwa pale.

Tuchukue mfano wa kwetu. Uwanda wa matumbawe uko mita 8 juu ya bahari. Feawei iko mita 11, na jicho la mchezaji liko mita 1.6 juu yake, yaani 12.6. Mgongo wa nyuma wa grini uko mita 140 kutoka alipo. Grini ikiwekwa tambarare kwenye uwanda, mchezaji ataona nyuma yake mita 60 za vichaka na mawe, kisha bahari. Ukiuinua mgongo huo wa nyuma mita 2, uwe mita 10 juu ya bahari, mstari wa jicho unaougusa unateremka mita 1.86 kwa kila mita 100. Mita 60 mbele, kwenye ukingo, mstari uko mita 8.9. Kichaka chochote kisichozidi sentimita 90 hakionekani. Mchezaji anaona nyasi, kisha maji, kana kwamba grini imegusana na bahari. Na mstari huo ukiendelea, unaugusa uso wa maji zaidi ya mita 530 nyuma ya grini. Maana yake ule mwamba unaoanikwa wakati wa kupwa, au sehemu yake kubwa, nao umefichika. Kinachobaki machoni ni maji ya kina kirefu, saa zote.

Udongo wa mita 2 si mwingi. Unaweza kutoka kwenye bwawa la maji ya kumwagilia ambalo litachimbwa hata hivyo. Mgongo huo unafanya kazi nyingine kubwa kuliko mandhari: unaifanya grini iiname kuelekea nchi kavu na kumwelekea mchezaji, kwa mteremko wa asilimia 2 hadi 3 palipo na bendera. Mpira unapokewa. Na maji ya mvua za masika hayaendi baharini na mbolea, yanarudi bwawani. Grini iliyoinama kuelekea bahari inakosea mara mbili: inautupa mpira mzuri na inaichafua bahari. Ni kosa la kawaida kwa sababu ardhi ya asili nayo mara nyingi imeinama upande huo, na tingatinga hufuata ardhi.

Kuhusu ujenzi wa chini tutasema machache. Kipimo cha Shirikisho la Gofu la Marekani, USGA, ni sentimita 30 za mchanga juu ya sentimita 10 za kokoto, na mabomba ya sentimita 10 yasiyoachana zaidi ya mita 4.5. Mchanga wa ufukweni usitumike: una chumvi na chokaa nyingi ya matumbawe, na nyasi kwenye chokaa hukosa madini ya chuma na kugeuka njano hata ukiweka mbolea. Nyasi ya kuchagua ni paspalamu, inayovumilia chumvi. Teeth of the Dog ya Jamhuri ya Dominika, kiwanja chenye mashimo saba kandokando ya maji, kilihamia kwenye nyasi hiyo. Lakini kuvumilia si kupenda. Ikimwagiliwa maji ya chumvichumvi inahitaji kila baada ya muda maji mengi kwa mkupuo ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Visima navyo viangaliwe: ukivuta maji mengi karibu na ufuo, bahari inaingia chini kwa chini, na kisima cha kwanza kuonja chumvi kinaweza kuwa cha kijiji cha jirani.

Kwa wanaouliza kama haya yanatuhusu sisi tusio na bahari: makorongo tunayo. Mshazari ule ule, njia ya kuzunguka ile ile, unaweza kuchorwa kwenye korongo la Arumeru au la Moshi Vijijini, kwa kukumbuka kwamba kifungu kile kile cha sheria kinalinda pia kingo za mito. Mchezaji wa Tanzania angeujua mkwaju huo kabla hajafika pwani.

Tumeliacha la mwisho suala la watu walio chini, kwa sababu ndilo tusiloliona kwenye mchoro wowote. Mpangilio wa macho tulioueleza unamficha mchezaji asione mwamba wa kupwa, na kwa hiyo asione watu. Ukanda wa mita 60 unasaidia, maana mpira uliozidi grini kwa yadi 30 au 40 utaangukia vichakani. Hautoshi pale kona ya hori inapoingia kwenye mstari wa mchezo. Mpira wa gofu una uzito wa karibu gramu 46 na unaweza kumjeruhi vibaya mtoto anayeokota kome. Shimo lenye kona ya hori liwe na mtu wa kudumu mwenye bendera, aliyesimama mahali panapoonekana kutoka juu na chini, hasa saa mbili kabla na saa mbili baada ya kupwa. Njia za wavuvi na wakulima wa mwani kushuka ufuoni zibaki wazi na zipite mbali na mstari huo. Zichorwe kwenye ramani kabla ya tii haijachorwa.

Mipira yenyewe nayo iwe na mwenyewe. Karibu na Pebble Beach wapiga mbizi waliokusanya mipira ya gofu kati ya mwaka 2016 na 2018 walitoa baharini zaidi ya 50,000, uzito wa zaidi ya tani 2. Mpira una ganda la plastiki na kiini chenye viambata vya zinki. Unasagwa na mawimbi na kubaki majini. Pwani yetu ina nafuu moja, kwamba kupwa kunaruhusu kuiokota kwa miguu. Mkataba wa uendeshaji uitaje kazi hiyo kwa jina, iwe ya kila bamvua, mara mbili kwa mwezi, na ilipwe.

Na kamati itakayoweka vigingi vya kuonyesha eneo la adhabu iviweke vyekundu, juu ya ukingo, si chini ufuoni. Kwa vigingi vyekundu mchezaji anaongeza mkwaju mmoja wa adhabu na kuudondosha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipovuka mstari mara ya mwisho, bila kusogea karibu na shimo. Mpira ukivukia mstari upande wake wa hori, mchezaji anabaki upande huo huo na anakabiliwa na hori lile lile tena. Kwa mtu asiye na nguvu hiyo inaweza kuwa mikwaju kumi. Kwa hiyo pawe na eneo la kudondoshea kwenye njia ya kuzunguka, lililochorwa rangi na kuandikwa kwenye kadi ya alama. Ukanda wa chini utangazwe kuwa ni marufuku kuchezea, ili pasitokee mtu wa kuteremka jabali la matumbawe lililoliwa na mawimbi kwa chini, akifuata mpira wa shilingi elfu chache.

Wasomaji wako,
Wachezaji na watunza nyasi za gofu,
Arusha